Unataka kuwa mnukuzi wa mwenendo wa mashauri? Soma hapa kabla hujalipa ada

Ujumbe wa namna hii hutufikia mara kwa mara: kijana amemaliza chuo, ameona mtandaoni tangazo la kozi ya kuandika mwenendo wa mahakama, yaani yote yanayosemwa kesi inaposikilizwa, ada inalipwa kwa dola, na anauliza kama alipe. Sisi hapa Dar es Salaam tunanukuu rekodi za sauti kwa ajili ya mawakili na kampuni, na tunafundisha kazi hiyo hiyo kwa njia ya mtandao. Jibu letu huwa moja: usilipe mpaka ujue cheti hicho utakipeleka wapi.

Kozi nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Huko mwandishi wa mahakama hutumia mashine ya steno, yenye vitufe 22 hivi ambavyo hubonyezwa kadhaa kwa pamoja, silabi au neno zima likatoka kwa mguso mmoja. Ili apate cheti cha RPR (Registered Professional Reporter) kinachotambulika sana huko, mtahiniwa lazima afikie maneno 225 kwa dakika katika maswali na majibu ya shahidi, kwa usahihi wa asilimia 95. Mwendo huo hujengwa kwa miaka, na wanaoacha njiani ni wengi. Mashine mpya ya kitaalamu ni maelfu ya dola. Mwenye hamu ya kuonja tu ajaribu Plover, programu ya bure, akiwa na kibodi inayopokea vitufe vingi kwa mpigo. Tunaipenda programu hiyo, ila kamusi inayokuja nayo ni ya Kiingereza. Ya Kiswahili utaijenga mwenyewe.

Kwetu mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi jaji au hakimu ndiye aliyeandika mwenendo kwa mkono wake, shahidi akingoja kalamu imfikie. Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na sasa Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo wa kompyuta wa unukuzi na tafsiri. Wapo wanaosema basi, kazi ya binadamu imekwisha. Hatukubaliani nao. Maandishi ya kompyuta yanahitaji mtu wa kuyasikiliza upya na kuyasahihisha, na nje ya mahakama kuna usuluhishi, vikao vya nidhamu kazini, mikutano ya bodi na mahojiano ya watafiti. Kama lengo lako ni ukatibu mahsusi serikalini, ambako matangazo ya ajira yamezoea kudai hati mkato (mwandiko wa haraka wa alama) ya Kiswahili na Kiingereza, nenda Chuo cha Utumishi wa Umma. Cheti cha hati mkato sisi hatukitoi.

Tunachofundisha kwa bidii kuliko yote ni sikio. Shahidi anaongea haraka, feni inavuma, wakili msomi anamkatiza. Je, amesema "nikasaini" au "sikusaini"? Ukanushi katika Kiswahili hukaa mwanzoni mwa kitenzi, mahali ambapo mtu mwenye hofu humeza sauti, na silabi hizo mbili ndizo zinazoamua mkataba ni wa nani. Rufaa nayo husikilizwa zaidi kwa kusoma kumbukumbu: majaji kwa kawaida hawamwoni tena shahidi, wanaona kile kilichoandikwa. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hurudisha sauti nyuma, hupunguza kasi, husikiliza kwa headphone, na akishindwa huandika "haisikiki" pamoja na dakika na sekunde. Kukisia hatukuvumilii hata kidogo. Shahidi akisema Kiswahili kibovu, kibaki hivyo hivyo. Si kazi ya mnukuzi kumrekebisha. Lakini "kielelezo P1" kisigeuke "D1", maana hapo umekihamisha kutoka upande mmoja wa kesi kwenda mwingine.

Mazoezi mazuri yapo bure. Chukua video ya kikao cha Bunge, nukuu dakika kumi, kisha linganisha na Hansard, taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge, ya siku hiyo. Hansard huhaririwa kidogo, kwa hiyo usishtuke ukikuta tofauti ndogo. Tafuta maneno uliyoyakosa kabisa. Rekodi za wateja wetu hatuwapi wanafunzi, hata kwa sehemu, kwa sababu siri za watu hazifundishiwi.

Kuhusu vifaa: simu inatosha kusikiliza somo, haitoshi kujifunza kuchapa kwa vidole kumi. Tafuta kompyuta, hata iliyotumika. Masomo yetu ya moja kwa moja ni ya jioni, na rekodi zake unaweza kuzipakua usiku ukiwa na bando la bei nafuu. Umeme ukikatika hujapoteza somo. Mazoezi ya kila siku, hata nusu saa, hakuna mwalimu atakayekufanyia, na huwa tunamweleza hivyo mwombaji kabla hajatoa shilingi.

Kabla ya kujiandikisha tutakutumia sauti ya dakika tano, shauri la kuigiza tulilorekodi wenyewe. Inukuu bila msaada wa programu yoyote ya kunukuu. Tutairudisha ikiwa imesahihishwa, bila malipo, pamoja na maoni yetu ya wazi kama kozi hii inakufaa au ufanye mazoezi kwanza.