Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya mama yetu, Bagamoyo

Familia ya marehemu mama yetu, muuza samaki wa kukaanga ambaye wengi mlimjua kwa karai lake, tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu alipougua hadi tulipomlaza Jumamosi iliyopita hapa Bagamoyo.

Kwa namna ya pekee tunamshukuru Baba Paroko aliyempa Mpako Mtakatifu na kutuongozea misa, katekista, akina mama wa WAWATA, jumuiya yetu, kwaya (mliimba mpaka sauti zikakauka, tuliwasikia), wauguzi wa hospitali ya wilaya, na vijana mliochimba kaburi kwenye jua lile. Hatuwezi kumtaja kila mmoja. Pokeeni asante zetu.

Lakini tuna deni la zamani kuliko msiba huu, na mwenyewe alituagiza tulilipe hadharani.

Baba alipofariki mwaka 1988, ukoo wake ulitaka mambo mawili: mama arithiwe na shemeji yake, na sisi watoto watatu tupelekwe kwa mganga tukachanjwe. Mama akakataa yote mawili. Akaambiwa achague, nyumba au kanisa. Tulitoka usiku ule ule na karai, jiko la mkaa na debe la unga. Rozari aliifukia ndani ya unga, maana ya kwanza ilikwisha kukatwa mbele ya macho yake. Tukapanga chumba Magomeni.

Kisha maneno yakaenea sokoni kwamba kamuua mumewe. Wiki nzima samaki wakawa wanapoa kwenye sinia, jioni tunawala wenyewe. Asubuhi moja jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kiislamu, akaja na buibui lake, akanunua kibua, akamla pale pale amesimama, watu wanamtazama, mpaka akabaki na miba mkononi. Kwa tunavyomjua, alikuwa anatafuta wa kugombana naye. Hakutokea mtu. Kufika adhuhuri sinia lilikuwa tupu. Naye alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita. Wanawe ndio mliowaona wakisimamia pilau la matanga siku zote tatu. Ndugu zetu, kwenu maneno yametuishia.

Kila tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, mama alitusimulia habari za Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Halafu anacheka: "Wenzangu moto wao ulikuwa wa siku moja. Mimi wangu nauwasha kila alfajiri." Mama wa bibi yake alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani akalelewa katika misheni hii, iliyofunguliwa mwaka 1868, kwa hiyo hakupenda kabisa kuambiwa dini yake ni ya kuja. Ndiyo maana tulimpitisha chini ya miembe ya misheni, ingawa njia ya mkato ilikuwepo.

Baba mdogo, tulikuona. Ulishika koleo kabla yetu. Mama alikusamehe zamani. Sisi ndio tulikuwa bado. Karibu nyumbani.

Misa ya arobaini itatangazwa jumuiyani. Sufuria mbili kubwa, mwiko na jamvi moja bado viko barazani kwetu. Mwenyewe apite avichukue, chai ipo.