Zawose na kinanda: tatizo ni sauti

Ndugu Mhariri,

Ubishi wa mashabiki kuhusu marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki Desemba 2003, unazunguka palepale: nyimbo zake zipigwe kama alivyozipiga, au ziongezewe kinanda? Kuongeza si dhambi. Mwenyewe alirekodi albamu ya Assembly na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Tatizo ni sauti. Ngazi ya sauti ya Kigogo ina noti iliyo chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni, yaani ya hatua kati ya vibonye viwili vinavyofuatana vya kinanda. Kinanda kikiingia bila kurekebishwa, zeze linasikika kama limekosea, na anayelaumiwa ni mpiga zeze!

Kinanda kirekebishwe kifuate ilimba, ala ya sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole. Ilimba yenyewe hulinganishwa kwa kusogeza kila ulimi kidogo kidogo: sehemu inayotetema ikifupika, sauti hupanda, ikirefuka, hushuka. Ndimi zisizoguswa na vidole nazo zilinganishwe, maana ndizo zinazotetema zenyewe kuitikia zile zinazopigwa.

Na ule mvumo wa ilimba ambao mafundi mitambo huufuta wakidhani spika imepasuka? Unatoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu la sanduku. Ukichanika, ilimba hupoteza mvumo huo. Bandikeni mwingine, mitambo iacheni.

Mpenzi wa ilimba,
Dodoma