Mwanangu, ule kwanza

Mwanangu,

Tiketi nimeiona. Baba yako kawatumia picha yake shangazi zako wote, hadi wa Rombo. Sasa nisikilize mimi. Huko Ujerumani ule. Chakula cha moto, mchana na usiku, hata kama hesabu imekukamata.

Usidhani sijui unachokwenda kusoma. Nimefundisha hesabu hadi nimestaafu, na makaratasi uliyoacha mezani nimeyasoma. Delta ya Ramanujan, yule mwanahesabu wa India, nimeikokotoa mwenyewe. Ni mfululizo wa nguvu za q, na kila nguvu ina kizigeu chake, namba inayoizidisha: cha pili ni −24, cha tatu ni 252, ukizidisha unapata −6048, na cha sita ni hicho hicho! Ramanujan aliliona jambo hilo mwaka 1916, mwanahesabu Mordell akalithibitisha 1917. Mwaka huo wa 1917 Ramanujan mwenyewe alikuwa mgonjwa Uingereza. Vita, baridi, nyama hagusi, anajipikia peke yake. Akafa 1920, ana miaka 32. Mama, ule.

Kwako wewe namba kamili zimepisha, mahali pake zimekaa polinomia. Fanksheni inajirudia ukiongeza polinomia yoyote, na mfululizo wa Fourier, ule wa nguvu kama wa Delta, unaujenga kwa eksponenti ya Carlitz, ndugu wa eksponenti ya kawaida. Hapo nilikuelewa. Nimekwama unaposema kwamba katika fomu za Drinfeld, yaani fanksheni zako hizo, vizigeu havikupi thamani za Hecke, zile namba ambazo operesheni ya Hecke huizidisha fomu, moja kwa moja, kama fomu za kawaida, mfano Delta, zinavyotoa. Ni swali zito, na najivunia kuwa limefika mikononi mwako. Lakini Krismasi ulijifungia nalo chumbani, mtori ukapoa, bibi yako akaniuliza kama amekukosea. Mpigie kabla hujapanda ndege. Usinijibu kwamba utampigia ukifika.

Tena usikae peke yako. Watafute Watanzania wa huko, ujue nani anapika Jumapili, uende. Drinfeld, yule mwanahesabu ambaye fomu zako zina jina lake, alitoa kazi yake mwaka 1974 akiwa na miaka 20, najua unamwaza; wewe una 24 na hujachelewa popote. Kula.

Mzigo nimempa kondakta wa basi la asubuhi: kahawa ya shambani, karanga, na sweta la kijani la kaka yako. Kaka yako atalalamika, mwache. Mfereji wa juu umeziba tena, zamu yetu ya maji imetupita, migomba ya chini inaanza kunyauka. Ng'ombe bado hajazaa. Na ufunguo wa kabati lako uliuweka wapi? Mashuka ya wageni yamo humo, na wa Rombo wanakuja Jumamosi.

Mama yako