Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Picha za Sarafu za Dhahabu

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na suala la ada limo kwenye makabrasha mliyokwisha kupewa. Taarifa yangu mwaka huu ni ya jambo moja tu: picha za orodha yetu ya sarafu za dhahabu. Kamati imelazimika kurudisha picha nyingi, na karibu zote zimeharibiwa na taa, si kamera. Mwenye nia ya kununua kamera mpya asubiri kwanza.

Iliyotusumbua zaidi ni rupia 15 ya Tabora ya mwaka 1916, sarafu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Mnaifahamu: tembo kainua mkonga, mlima nyuma yake, na upande wa pili tai wa Wajerumani. Iligongwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, jumla 16,198, kila moja gramu 7.168, na dhahabu halisi ndani yake ni asilimia 75. Ziko aina mbili. Upande wa tai, ncha ya pambo katika aina moja inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA (Afrika Mashariki kwa Kijerumani), na katika nyingine chini ya A ya kwanza. Picha ambayo ncha hiyo imezama kwenye kivuli haitusaidii, hata iwe nzuri namna gani.

Kuna la pili, na hili ni gumu zaidi. Mitambo ya Tabora ilikuwa ya dharura, hivyo sarafu nyingi hazikugongwa kwa nguvu sawa pote. Sikio la tembo likionekana bapa, je, limelika mikononi mwa watu au halikugongwa vizuri tangu mwanzo? Jibu liko kwenye mng'ao. Palipolika pamekufa na pamelainika. Ambapo hapakugongwa vizuri, mng'ao wa kiwandani bado upo juu ya ubapa huo. Ukipiga picha kwa taa iliyofunikwa karatasi au kitambaa, mng'ao wote unapotea na maswali hayo mawili yanakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana kamati inakataa picha zilizopigwa ndani ya visanduku vyeupe vya mwanga. Vinafaa viatu na vyombo.

Tumieni taa mbili ndogo za LED zisizofunikwa, zenye alama ya kuonyesha rangi kwa usahihi (CRI) 95 au zaidi, za aina moja. Chukulieni sarafu kuwa uso wa saa: taa moja penye namba 10, nyingine penye namba 2. Zipandisheni juu, karibu na lenzi, kiasi cha nyuzi 60 hadi 70 kutoka mezani. Taa ikilala chini sana, kila mkwaruzo unakuwa mtaro. Picha ya namna hiyo tunaitaka, lakini iwe ya pili tu, ya kuonyesha kama sarafu iliwahi kusuguliwa. Fungeni pazia na mzime balbu ya dari. Mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa taa, nusu ya sarafu inakuwa samawati na hakuna programu itakayoitibu.

Kwa sababu taa zinahitaji nafasi hiyo ya juu, lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya mm 100 ni bora kuliko ya mm 50, ambayo hukaribia sarafu hadi ikajizibia mwanga yenyewe. Kamera itazame chini wima kabisa. Kipimo rahisi: weka kioo kidogo cha kujitazama mahali pa sarafu, duara la lenzi likionekana katikati ya picha, umenyoosha. Lisipokuwa katikati, upande mmoja wa maandishi utafifia. Tundu la lenzi liwe f/5.6 hadi f/8, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, na shata ifyatuliwe kwa kuchelewesha sekunde 2. Wanaokwenda f/22 wakidhani watapata ukali zaidi wanapata kinyume, maana kwa ukaribu huu mwanga unaopita kwenye tundu dogo unatawanyika na kila mstari unalainika.

Sarafu isilale juu ya karatasi. Iinueni kwa kifutio kidogo cha penseli, sentimita 3 hivi juu ya kadi ya kijivu, na kivuli kitatoweka. Kitambaa chekundu hakifai: wekundu wake unaingia kwenye ukingo wa dhahabu.

Rangi ndiyo inayowashinda wengi. Kamera ikiachiwa ijipangie weupe, yaani iamue yenyewe nyeupe ni ipi, inaona manjano mengi na kuyapunguza, dhahabu inapauka kama bati la kopo. Pimeni weupe kwa kadi ya kijivu chini ya taa zilezile. Halafu tazameni histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya rangi tatu, si ile moja nyeupe, kwa sababu dhahabu hurudisha wekundu mwingi kuliko samawati, na wekundu huungua mapema wakati histogramu ya jumla bado inaonekana salama. Punguzeni mwanga kiasi cha theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu).

Sarafu za kumbukumbu zenye uso kama kioo, mfano shilingi 1500 ya Tanzania ya mwaka 1974 yenye duma, zina njia yake. Wekeni kioo safi cha kupitisha mwanga, si cha kujitazama, kikiwa kimeinama nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, taa ipige kioo kutoka ubavuni, na kadi nyeusi isimame upande wa pili kunyonya mwanga unaopenya. Mwanga unaofika ni kidogo, kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo ongezeni muda wa shata, ISO ibaki palepale.

Wenye simu hawajasahauliwa. Tumieni lenzi ya kuvuta ya 2x au 3x mkiwa mbali kidogo, kisha mkate picha. Simu ikisogezwa karibu sana inapinda duara na kutupa kivuli chake.

Sarafu ishikwe ukingoni tu, juu ya taulo iliyokunjwa. Vumbi lipulizwe kwa pampu ya mpira, lisifutwe; dhahabu ni laini na kitambaa huacha nywele za mikwaruzo zisizofutika.

Kamati inaomba mkutano upitishe haya: kila sarafu iwe na picha za pande zote mbili, ukingo, na moja ikiwa juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.01, upana usipungue pikseli 2400, na taarifa za mahali zifutwe kwenye faili kabla ya kutumwa, kwani simu huandika nyumba ilikopigwa picha na wezi nao wanajua kusoma.

Naomba kuwasilisha.