Shangazi, usikubali kuambiwa "ndivyo walivyo"

Shikamoo shangazi,

Umesema kijana ameanza kujipiga kichwani na uji hataki, na kliniki wamekujibu ndivyo walivyo wenye ulemavu wa akili. Jibu hilo linaua. Uchunguzi wa vifo uliotolewa Uingereza mwaka 2013 ulikuta wanaume wa hali yake wanakufa miaka 13 mapema kuliko wanaume wengine, wanawake miaka 20. Huko matibabu ni bure. Tatizo kubwa lilikuwa ugonjwa kuchelewa kutambuliwa na kutibiwa.

Mtu wa miaka 34 hazuki tu na tabia mpya. Anaumwa mahali. Anza na tumbo. Tundika kalenda nyuma ya mlango wa choo, uweke alama kila akienda haja kubwa, na uandike: laini, au vidonge vya mbuzi? Siku 3 kapa, amefunga choo huyo. Na ukikuta majimaji ya kinyesi kwenye nguo usikimbilie dawa ya kuzuia kuhara: mara nyingi choo kigumu kimeziba, majimaji yanapenya pembeni, na dawa hiyo inazidi kukaza. Tumbo likijaa likawa gumu, au akitapika, hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Ukimpeleka kliniki, beba dawa zake zote na pakiti zake. Klorpromazini, wanayopewa ili "watulie", na benzheksoli, ya kupunguza mkakamao unaoletwa na hiyo ya kwanza, zinafunga choo. Akihangaika kwa choo anaongezewa dozi, choo kinazidi kufunga. Usizikatishe mwenyewe ghafla. Muulize daktari anazinywa kwa ugonjwa gani.

Mapokezi sema "ulemavu wa akili", siyo "mgonjwa wa akili". Ukisema hilo la pili atapelekwa chumba kingine, na huko tumbo halipapaswi. Omba waangalie masikio kama yana nta, na meno. Kwa kuwa ana Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili, apimwe pia tezi ya shingo, kipimo cha damu kiitwacho TSH, kila mwaka: tezi ikilegea ananenepa, anasinzia, choo kinafunga, na watu wanasema amezaliwa mvivu.

Wiki moja kabla ya kwenda, mzoeshe nyumbani kupimwa presha: mfunge kanga mkononi, uibane taratibu, uiachie. Mkanda wa presha ukimtisha, kwenye kadi wataandika "amekataa kupimwa", kisha wataita namba inayofuata.