Watoto wa dada wasigawanywe

Glasgow, Uskoti

Kaka,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, baridi ndiyo ileile. Nisalimie shemeji na watoto, na Mama umbusie mkono.

Ujumbe wa sauti wa ami kuhusu watoto watatu wa marehemu dada yetu nimeusikia. Eti kijana aende kwake Malindi, msichana abaki kwa shangazi, na kitinda mimba apelekwe kituo cha mayatima kwa kuwa kule "wanalishwa na kusomeshwa bure". Mimi sikubali. Serikali ya Kenya yenyewe ina mkakati wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watoke vituoni warudi kwa jamaa zao. Sisi ndio tumtoe kwa jamaa? Na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 inasema ndugu wasitenganishwe ila kwa sababu nzito. Mama kuchoka kuwalea ni kweli, basi asaidiwe. Matangani kila mtu alimsifu, "Bi Mkubwa ana moyo", kisha wakavaa viatu wakaenda zao, karo ikabaki kwake.

Jirani yangu hapa ni nyanya wa rika la Mama, analea wajukuu wawili. Halmashauri humpa posho kila wiki, na tangu 2023 Uskoti ina kiwango cha chini kilichowekwa na serikali, kilekile kwa nyanya na kwa mlezi asiye na udugu na mtoto. Si kila anayelea jamaa huipata, masharti yapo, na ukivuka kuingia England kila halmashauri hujipangia yake. Yeye aliipata kwa kuwa makaratasi yake yalikuwa kamili.

Sasa tuje kwetu. Inua Jamii, zile pesa za serikali kwa wasiojiweza, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Unga na mafuta tu zimekwisha, lakini bora ziingie. Nenda na Mama kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, mchukue cheti cha kifo cha dada, cha baba yao pia, na vyeti vya kuzaliwa vya wote watatu. Sheria ya Watoto ya 2022 inayataja malezi ya jamaa waziwazi. Muulizeni afisa huyo Mama aandikishwe vipi, na kama inafaa aende mahakamani awe mlezi kisheria. Siku mtoto akitakiwa kupasuliwa, hospitali itataka sahihi ya mtu anayetambulika.

Kiwanja cha dada cha Mtwapa kina warithi: watoto na Mama. Ami hamo. Akisema anataka "kukitunza tu", mpeleke kwa Kadhi, na njiani aisome Suratun Nisaa, ile aya ya wanaokula mali ya mayatima.

Na msichana ana miaka 13. Kwenye kikao kile, nani alimuuliza anataka nini? Sheria hiyohiyo inampa haki ya kusikilizwa.

Mimi nitatuma kila mwezi kwa M-Pesa ya Mama mwenyewe, isipitie mkono wa mtu. Wewe beba karo ya kijana. Shangazi, kama hana pesa, awachukue Jumamosi Mama alale.

Kikao cha Ijumaa baada ya Isha msikianze bila mimi. Nipigie uweke spika. Na nitumie vipimo vya viatu vya kitinda mimba.

Ndugu yako