Shukrani kwa mama wa magauni mekundu

Mama, jina lako sikuliuliza, na hilo linanikera mpaka leo. Ilikuwa Mei 5, pale The Forks mjini Winnipeg, mto Red unapokutana na Assiniboine. Niliona magauni mekundu yananing'inia mitini, matupu, nikadhani kuna mtu anauza nguo. Nusura niulize bei!

Hukunicheka. Ulinishika mkono ukanieleza polepole, maana Kiingereza changu bado cha kuungaunga, kwamba kila gauni ni la mwanamke au msichana wa wenyeji asilia wa Kanada aliyeuawa au kupotea. Ukanionyesha mnara wao wa kumbukumbu, uliozinduliwa Agosti 2014. Mwezi huohuo, ukasema, Tina Fontaine, binti wa miaka 15, aliopolewa maiti kutoka mto Red. Hapo ukanyamaza.

Nilipoanza kumlilia dada yangu aliyepotelea Kivu, hukuniuliza kitu. Ulinifunika blanketi lako mabegani, tukakaa hivyo hivyo mpaka baridi ikatushinda.

Asante sana, mama. Blanketi ninalo, nimelifua. Mei ijayo nitakuja nalo, pamoja na chupa ya chai ya tangawizi.